Moteri Chini ya Turubai la Kilio

Wasikilizaji wapendwa, nawasalimu mlioko Goma mjini, mlioko Rutshuru, na ninyi wa Vitshumbi mnaotusikia huku mkitengeneza nyavu. Mimi ni Thérèse Nshobole. Leo tunamkumbuka Mama Kahindo wa Murara. Alikuwa muuza samaki. Alifariki Jumanne ya juma lililopita, kwa presha, akiwa na miaka hamsini na mmoja. Nasema tena kwa wanaofungua redio sasa hivi: Mama Kahindo wa Murara, muuza samaki, mwenye ile jeep ambayo mji mzima uliiita Mama Mimba.

Najua mmecheka. Chekeni tu, hata yeye alicheka. Lakini wengi wenu mnaijua jeep kwa ile nundu yake ya mbele, hamjui nundu ilitoka wapi. Nitawaambia. Na nitawaambia nikiwa na hasira kidogo, mtanisamehe.

Mwaka wa elfu mbili kumi na nane, mume wake, Papa Hilaire, alifariki. Aliacha mke, watoto watatu na jeep moja. Jeep kubwa, ya zamani, yenye moteri ya esanse, yaani petroli, ya silinda nane. Ilikuwa inakunywa esanse mpaka faida ya samaki inaishia njiani. Na moteri yenyewe ilikuwa imekufa miezi mitatu kabla ya Hilaire.

Siku ya tatu baada ya maziko, familia ya mume ilikaa uani. Msemaji alikuwa Muzee Adalbert, kaka mkubwa wa marehemu. Alisema: "Hii jeep ni ya ndugu yetu. Moteri ilikufa. Tutauzisha vyuma. Mwanamuke atafanya nayo nini?"

Mama Kahindo alikuwa amekaa chini kwenye mkeka. Akajibu bila kuinua sauti: "Munipatie siku makumi ine za kilio. Ikitembea, ni ya batoto. Isipotembea, mukuje muikamate."

Walikubali haraka sana. Mnajua kwa nini? Kwa desturi ya familia ile, mjane hatoki nje ya kiwanja mpaka siku ya arobaini. Haendi sokoni, haendi kwa fundi, haendi popote. Walijua amefungwa. Walikubali huku wanakonyezana, na mimi hilo la kukonyezana bado linanikera mpaka leo.

Basi, Mama Kahindo hakutoka. Aliita garaji ije kwake.

Alikuwa na konjelateri moja, sanduku la baridi la kuhifadhia samaki. Ndilo lililokuwa kazi yake yote. Alilitoa kwa mtu mmoja mwenye kamio, lori dogo lililoanguka njia ya Sake, naye akampa moteri yake ya mazutu, yaani dizeli. Moteri ilifika Murara juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, imefungwa kwa kamba, vijana wanne wanasukuma. Nyuma yake alitembea fundi Habarurema, mzaliwa wa Rutshuru, na vyombo vyake ndani ya gunia.

Mnalijua turubai la kilio, lile la bluu linalofungwa uani ili wageni wapate kivuli. Upande mmoja wa turubai walikaa wageni. Upande wa pili ilikaa jeep. Charline, binti yake wa kwanza, ananiambia: "Mama alivaa kikwembe cheusi cha kilio. Akaingia nacho chini ya jeep. Batu banakuja kumupa pole, banaona miguu yake tu."

Na pole walimpa. Waliinama, wakasalimu miguu.

Wapo waliokwenda kumshtaki kwa Muzee Adalbert kwamba mjane anachezea vyuma. Mama Kahindo akatuma jibu: "Muniambie fasi gani nimevunja desturi. Niko mu kilio. Niko mu kiwanja. Sijatoka."

Kazi haikuwa rahisi. Moteri ya kamio ni ndefu kwenda juu, na kapo ya jeep, yaani mfuniko wa mbele, ilikataa kufungika. Fundi Habarurema anakumbuka: "Nilimuambia, mama, hii haitaingia. Akaniuliza: ni kapo inakataa, ao ni wewe?" Wakaikata kapo katikati. Juu ya tundu wakachomelea sufuria kubwa iliyotoboka, ile waliyopikia maharagwe ya kilio. Nundu ndiyo hiyo, wasikilizaji. Ni sufuria.

Ili kuipandisha moteri, walisimamisha miti mitatu ya mikaratusi, wakafunga puli na kamba. Nani wa kuvuta? Wanawake waliokuja kumliwaza. Wauza samaki wenzake, wamevaa nguo za kilio, wakavuta wote pamoja huku wanaimba wimbo wa maombolezo. Gia nazo zilikuwa za kamio, kwa hiyo jeep ikapoteza nguvu ya magurudumu ya mbele. Mama Kahindo akasema hata kuku anatembea na miguu miwili.

Siku ya thelathini na tatu ikaja aibu. Kamio inawashwa kwa betri mbili, jeep kwa betri moja. Kwa haraka yao, fundi na mama waliunganisha betri zote mbili kwenye gari zima. Taa zikapasuka moja baada ya nyingine. Honi ikalia yenyewe, ikalia, mpaka wakakata waya. Murara yote ilisikia. Muzee Adalbert akatuma mtu: "Mumuambie aandae ufunguo."

Charline anasema: "Siku ile mama alilia sana. Alisema, batoto yangu, nimewamalizia konjelateri bure."

Alilia, ndiyo. Alilia mpaka akachoka. Asubuhi alimwita Habarurema, wakaanza kutenganisha nyaya. Betri mbili za kuwasha moteri. Taa zikale kwenye moja tu.

Siku ya arobaini, misa ilisomewa uani. Familia ya mume ilikuja imevaa suti. Padri alipomaliza baraka, Mama Kahindo alipanda jeep akiwa na kikwembe chake cheusi, akawasha. Ikakohoa. Ikatoa moshi mzito juu ya zile suti. Kisha ikaunguruma, na wanawake wakapiga vigelegele ambavyo padri hakuvikataza. Akatoka langoni kwa mara ya kwanza baada ya siku arobaini. Hakuzunguka mtaa akarudi. Alikwenda mpaka Vitshumbi, na kesho yake mchana akarudi na jeep imejaa samaki.

Muzee Adalbert alikuwa bado pale, anasubiri. Mama Kahindo akamwekea samaki mkubwa mbele yake, amefungwa vizuri. "Shemeki, karibu." Na Muzee akasema nini? Akasema: "Sasa imekuwa mali. Na mali ni ya ndugu yetu."

Wasikilizaji wapendwa, mimi ningepiga kelele. Yeye hakupiga kelele. Alisema: "Sawa. Chuma ya Hilaire, mukamate. Moteri ni yangu, niliileta mimi. Mungoje niitoshe mu jeep."

Akavua viatu. Akachukua ufunguo wa fundi, spana namba kumi na saba, akafungua kapo. Wale wauza samaki wakasimama wote, bila kuitwa, wakaenda kushika ile kamba ya puli. Muzee Adalbert aliangalia ile kamba. Aliangalia wale wanawake. Akainuka, akaenda zake. Ila yule samaki hakumwacha.

Miaka saba Mama Mimba ilipanda na kushuka njia ya Rutshuru kila ilipokuwa wazi. Ilileta samaki, ikapeleka chumvi, ikabeba wagonjwa bila kuwauliza kabila. Charline leo ni muuguzi. Wadogo zake wako shuleni.

Jana nilimpigia simu Muzee Adalbert, maana ni haki yake kusikika. Aliniambia: "Yule mwanamuke alikuwa na kiburi." Ndiyo, Muzee. Alikuwa nacho, na watoto wa ndugu yako wamekula hicho kiburi mpaka wamekuwa watu.

Na sikieni hili. Jumamosi, watu bado wamekaa kilio cha Mama Kahindo, wanaume wawili wa ukoo walifika uani kuuliza ufunguo wa jeep uko wapi. Charline aliwajibu: "Uko mu mufuko yangu." Kisha akawaletea chai.

Charline, na wadogo zako, poleni sana. Fundi Habarurema, pole. Wauza samaki wa Murara, poleni, mmepoteza mwenzenu. Mungu ampokee Mama Kahindo na aupumzishe mgongo wake.

Na wewe unayenisikia saa hii ukiwa umekaa uani kwa mjane, mdomo wako unatoa pole na macho yako yanapima vitu vyake. Nakuomba ufikiri. Umalize chai yako. Usimame, umuage, urudi kwako mikono mitupu.