Sifuri ya Asubuhi

SWALIHU: Haloo? Naongea na nani?

LOISI: Shikamoo, Dokta. Ni Loisi, msaidizi wako wa maabara.

SWALIHU: Marahaba. Namba hii siijui.

LOISI: Ni ya mama Emiliana, mchuma zabibu. Yule tuliyembandika vidude vya kung'aa mgongoni ili kamera zifuate anavyoinama, ukamwambia amependeza kama bibi harusi. Yangu imezima. Niko kwake Makutupora.

SWALIHU: Makutupora kufanya nini? Mwenye shamba anataka ripoti kesho, nami nimekwama Kibaigwa na basi bovu—

LOISI: Uchambuzi nimeumaliza.

SWALIHU: Kila rekodi umeiweka katikati? Umeondoa wastani wake, ikabaki inacheza juu na chini ya sifuri?

LOISI: Nilifanya hivyo. Ya asubuhi na ya jioni zikafanana kama mapacha.

SWALIHU: Safi. Tunaandika kwamba kazi haiwapindi migongo.

LOISI: Hatuandiki.

[Mtandao unakwaruza.]

SWALIHU: Umesemaje?

LOISI: Hatuandiki. Jioni alikuwa ameinama mwanzo hadi mwisho wa rekodi. Wastani wake ndio huko kuinama kwenyewe. Ukiutoa, umemnyoosha kwenye kompyuta tu.

SWALIHU: Loisi, huo ndio utaratibu, hata mwaka wa kwanza—

LOISI: Unafaa kwa anayetafuta mtikisiko. Sisi tuliulizwa kuhusu kuinama. Nimechukua alivyosimama asubuhi kabla ya kazi, hiyo ndiyo sifuri yangu kwa siku nzima.

SWALIHU: Halafu?

LOISI: Jioni hairudii sifuri hiyo. Hata akipumzika.

SWALIHU: Unajua mwenye shamba akisoma hivyo itambidi ainue nyaya zinazobeba mizabibu shamba zima?

LOISI: Ndicho wachumaji wanachoomba.

SWALIHU: Ndiye anayetufadhili, binti. Nitumie hesabu ile ya kwanza, la sivyo jina lako nalitoa kwenye ripoti.

LOISI: Litoe. Ile ya kwanza haitoki mikononi mwangu.

SWALIHU: Unanijibu mimi hivyo?

LOISI: Kwa heshima zote, Dokta. Mwenye mgongo yuko hapa. Mwambie wewe mwenyewe kwamba haujapinda. Nampa simu.

SWALIHU: Usimpe— Loisi— haloo?

EMILIANA: Haloo.

SWALIHU: Shikamoo, mama.

EMILIANA: Marahaba, baba. Ngoja niinuke, nikusikilize vizuri.

SWALIHU: Hapana, mama, kaa tu—

EMILIANA: Ngoja. [Anajiinua polepole. Pumzi nzito.] Haya. Hapa ndipo ninapoishia kunyooka. Sema, baba. Sema upesi, salio ni langu.