Mkebe Niliouonea Haya

Jina la Bwana lihimidiwe! Ndugu zangu, amahoro, amani iwe kwenu.

Nimesimama nikiwa na uchungu. Inasemwa hapa Rumonge kwamba nilitupa dawa zangu ziwani nikapona papo hapo. Si kweli! Niliitumikia serikali hadi kustaafu bila kutia sahihi taarifa ya uongo. Sitaanza leo, mbele za Mungu.

Ukweli ni huu. Tangu kabla ya vita nina ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana, ambao hutulia kisha huamka. Daktari wa Bujumbura alinipa vidonge vya kuutuliza, akanionya: nikiharisha damu, nisiongeze dozi kabla choo hakijapimwa, kwa kuwa vidonge hivyo huupunguzia mwili nguvu ya kupigana na vijidudu.

Vita vikaja. Waliokimbia milimani walijaa mjini, sote tukachota maji ya ziwa, na barabara ya Muhuta, ya kunifikisha kwa daktari wangu Bujumbura, ikawa ya kuviziwa. Tumbo likaamka: damu, homa, na kila mlio wa risasi ukinikuta nimechuchumaa chooni.

Je, nilipima? Ndugu zangu, sikupima! Uani mwa zahanati wagonjwa walipanga mstari, kila mmoja na mkebe wake mkononi, na miongoni mwao makarani niliokuwa nikiwaamuru. Mimi, chefu, mkubwa wao wa kazi, nisimame nao na mavi yangu? Nikarudi nyumbani, nikatangaza kuwa ni ugonjwa wangu wa zamani, nikaongeza vidonge. Homa ikapanda. Siku ya nne sikuweza kuinuka.

Mke wangu akasimama kando ya kitanda changu. "Baba Neema, unaona haya ya mavi, huoni haya ya kuniacha mujane?"

"Watu watasema nini?"

"Watasema chefu iko na tumbo kama wao!"

Akaubeba mkebe mwenyewe, kichwa juu, akapita nao katikati ya soko mpaka zahanati.

Mpimaji, ndugu Mwislamu, alitazama kwa hadubini. "Mama, amiba sioni. Usaha na damu ni mingi. Daktari amuone leo, hii inafanana na bakteria juu ya ule ugonjwa wake." Kisha akacheka. "Na umwambie muzee, hapa hatuombi mhuri wa serikali, ni mkebe tu."

Daktari wa zahanati alinipa antibiotiki, akavirudisha vidonge vyangu kwenye kipimo cha awali. Nami nikalia mbele za Bwana, nikiomba kwanza msamaha wa kiburi. Siku ya tatu homa ilishuka! Utumbo wangu bado ni mgonjwa, na dawa bado nazimeza. Lakini niko hai!

Namshukuru Mungu, namshukuru mke wangu, namshukuru yule mpimaji.

Nawe uliyekaa hapo ukijikunja, ukimwambia jirani yako kwamba ni njaa tu: mtumaini Bwana, uinuke. Usingoje nimalize. Aliyeuumba utumbo haoni haya kuutazama. Toka sasa hivi. Nitakushika mkono mpaka zahanati.