Ndiga Zilirowekwa Siku Nne

Mwaka wa pili wa uhuru, ndani ya basi la kwenda Likoni, Biasha alijifanya amelala ili asikie vizuri. Mbele yake mwalimu kijana alikuwa akimsomea bibi mmoja wa kijiji cha Bodo kitabu alichokiandika juu ya mwaka wa njaa, akikipeleka Mombasa kikachapwe.

"Mjukuu wangu, habari za kula ndiga zifute," alisema bibi. "Watatucheka, kula viazi pori vyenye sumu!"

"Hawatacheka, bibi. Mlilea watoto kwa sumu hiyo wakakua. Mfalme gani aliweza hayo?"

Walipofika Tiwi, bibi alimgeukia. "Lakini umeandika tuliziroweka siku mbili. Ni siku nne, na maji hubadilishwa kila asubuhi. Wataka kuwaua wasomaji wako?"

Mwalimu akatoa kalamu upesi.

Biasha naye alilelewa kwa ndiga, na hajapata kumwambia mtu. Sasa alikuwa ameketi wima, macho yamemtoka.

Basi liliposimama Likoni, bibi alianza kuteremka, akishikilia kuwa kitabu chenye habari za ndiga kisichapwe. Akageuka mlangoni. "Na ukikichapa, mimi ni Mwanamkuu binti Zahoro. Watoto saba, wote wazima. Andika saba!"