Kuta Mbili Zilizobaki Juu ya Dari

Fundi Aneth Peniel Msengi, tunayemzika leo hapa Kinampanda, alizaliwa Kinyangiri tarehe 14 Agosti 1969, mtoto wa pili wa Mzee Peniel Msengi na Mama Kristina. Alimaliza darasa la saba mwaka 1984, akasomea uashi mjini Singida hadi 1988, msichana pekee katika darasa lake. Mdogo wake Calist, anayesoma wasifu huu, anakumbuka alivyorudi likizo akabomoa banda la kuku la baba kwa sababu kuta zake zilikwenda upande. Baba alinuna wiki nzima, na kuku wakalala jikoni.

Tarehe 6 Julai 1991 alifunga ndoa na Leonard Kitundu, mkulima wa alizeti wa hapa kijijini. Walijaliwa watoto wawili, Flora na Enock.

Mwaka 2003 alikuwa miongoni mwa mafundi waliojenga bweni la wasichana, vyumba vinane, katika shule moja ya sekondari. Kuta za kugawa vyumba ziliishia kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Kutoka hapo hadi kwenye bati palikuwa wazi, toka chumba cha kwanza mpaka cha nane. Marehemu alimwomba msimamizi wa ujenzi wazipandishe zikutane na bati, akamweleza kwamba moto ukiingia juu ya dari utatembea nyumba nzima bila mtu kuuona. Msimamizi akamuuliza ni nani atakayepanda huko kuangalia tofali zake. Marehemu akanyamaza, akachukua nyundo, akapigilia dari pamoja na wenzake. Kwa kunyamaza kule hakujisamehe.

Mwaka 2011, saa nne asubuhi, hitilafu ya waya iliwasha moto chumba cha kwanza. Wanafunzi walikuwa madarasani. Walimu walikimbilia pale kuzima na kutoa magodoro. Chumba cha nane alikuwa amelala Hana, binti wa kidato cha pili aliyeugua malaria, na kila mtu aliamini yuko mbali na hatari. Dari ilimwangukia ikiwaka. Alifariki siku ya pili yake.

Marehemu alikwenda msibani, akamwambia mama yake Hana: “Mama, dari ile niliipigilia mimi, na nilikuwa najua.” Yule mama alisogea tu, akampa nafasi kwenye mkeka.

Bweni likajengwa upya, na kuta zikaishia palepale. Marehemu aliiandikia shule barua tatu. Mbili hazikujibiwa, ya tatu ilijibiwa kwamba ramani imeshapitishwa. Wakandarasi waliacha kumwita, wakisema ana maneno mengi. Hata siku ya harusi ya Flora aliomba ngazi achungulie dari ya wakwe, jambo ambalo wakwe wanalisimulia hadi leo.

Mwaka 2022 mkuu mpya wa shule ile, Mwalimu Luciana, alimruhusu afanye kazi wakati wa likizo. Leonard alimpelekea tofali kwa mkokoteni wa ng'ombe. Kila likizo marehemu alifungua dari, akapandisha ukuta hadi kwenye bati, akarudishia dari. Alimaliza kuta tano kati ya saba. Septemba 2024 figo zikashindwa kufanya kazi. Aliwaomba mafundi aliowafundisha mwenyewe wamalizie mbili zilizobaki, mmoja baada ya mwingine. Waliitikia vizuri, shikamoo mama, tutakwenda. Hawakwenda.

Siku mbili kabla ya mwisho wake alimwambia Leonard, kwa hasira na si kwa huzuni: “Nimechoka kuomba kitu kidogo hivi.” Alifariki hospitalini Singida tarehe 9 Machi 2025, saa tisa alasiri.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, mdogo wake Calist, na wasichana ishirini na wanne wa chumba cha sita, cha saba na cha nane, ambao juu ya dari yao bado hakuna ukuta. Mungu ampokee fundi wetu, ampe pumziko ambalo sisi hatukumpa.