Maisha ya Nanga, na Kamba ya Kichwani

Haya ni maisha ya marehemu Nanga kama yalivyosemwa na mama yake mzazi. Yameandikwa na binti wa marehemu, na ndiye anayeyasoma. Ameambiwa asiruke mstari hata mmoja. Mliosimama juani sogeeni kivulini, maana si mafupi. Na kabla ya yote: kamba za kumshushia marehemu kaburini zina ncha nne. Tatu zimepata watu, yaani binti yake, mwanawe wa kiume na nahodha wa boti. Ya nne, ya upande wa kichwani, imelala hapo kwenye udongo haina mtu, na wengi wenu mmeshaanza kuitazama na kunong'onezana. Ngojeni. Itafikiwa.

Marehemu alizaliwa Jumapili, tarehe 9 Agosti 1970, katika nyumba ileile ya bati juu ya jabali, chumba cha nyuma, ambacho siku hizi kinawekwa makasia. Alikuwa mtoto wa pekee. Baba yake alikwenda ng'ambo kutafuta maisha marehemu akiwa hajaota meno, na inaelekea mpaka leo anayatafuta. Hatatajwa tena. Mama yake alimlea kwa kufua nguo za watu, na kamba ya kwanza aliyoijua marehemu ilikuwa kamba ya kuanikia.

Kamba hiyo ndiyo iliyoanza mambo yote. Marehemu akiwa na miaka tisa, upepo ulinyakua shuka jipya la mteja, ukalitupa chini ya jabali, kwenye kile kipande cha ufuko wa mchanga kisicho na njia ya miguu. Mama yake alikaa chini akaanza kufikiria atasema nini kwa mwenye shuka. Kuja kuinua kichwa, kamba ya kuanikia haipo, mtoto hayupo, na ncha ya kamba imefungwa kwenye nguzo ya tangi la maji. Alishuka peke yake, akarudi kwa kuogelea kuzunguka mwamba, shuka kalizungusha shingoni. Mama yake alimchapa kwa sababu ameshuka. Halafu akamchapa tena kwa sababu shuka lilikuwa limechanika. Marehemu alipokuwa mtu mzima alipenda kuuliza, "Mama, ile ya pili ilikuwa ya haki kweli?" Mama yake alijibu, "Ile ya pili ndiyo ilikuwa ya haki. Ya kwanza nilikuwa natetemeka tu."

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1978 hadi 1984, akaishia darasa la saba. Mwalimu wake wa hesabu aliandika kwamba mtoto huyu anatazama dirisha kuliko ubao. Mwalimu yupo hapa leo, safu ya pili, na mkongojo wake. Ni kweli, mwalimu, alikuwa anatazama jabali. Na siku ulipokuja na wajukuu zako kushuka jabali kwa kamba zake, miguu ikakucheza kama cherehani, ulishukuru kwamba alikuwa amelitazama vizuri.

Baada ya shule alifua mashuka ya hoteli kwa miaka kumi. Mwaka 1995 wakaja wageni wawili, mtu na mkewe, wamebeba kamba na vyuma kama mafundi wa mnara, wakauliza nani anayelijua lile jabali. Hoteli nzima ikamnyooshea kidole mfuaji. Aliwaonyesha pa kukanyaga, nao wakamwonyesha mafundo na kulabu, na walipoondoka wakamwachia kamba zao. Mwaka uliofuata akaacha kazi hotelini, akafungua biashara uani kwa mama yake. Mgeni anashuka jabali kwa kamba mpaka kwenye ule mchanga, anapumzika, halafu anarudi kwa kayaki, kile kimtumbwi chembamba cha kasia, kwa kuzunguka mwamba. Mchora mabango akaandika kwa herufi kubwa barabarani: SHUKA NASI. Mzee mmoja akapanda kilima chote kile kwa jua, akafika anahema, akauliza, "Haya, mashuka yenu ni ya futi ngapi kwa ngapi?" Marehemu alimpa maji, akamshusha bure.

Nyumba ikageuka ofisi, ofisi ikageuka nyumba. Sebuleni mikanda ya kiunoni inaning'inia mpaka pazia halina nafasi. Kamba zenye maji ya chumvi zimelala kwenye viti, wenyewe wanakalia ndoo. Mama yake alipewa kazi ya kofia ngumu za wageni, kuziosha kila jioni kwenye beseni. Vichwa vya dunia nzima vimepita kwenye beseni lile, na vyote vinanuka namna moja. Jina la Nanga alipewa na nahodha wa boti, aliyesema mwanamke huyu ukimfungia meli haiondoki.

Kazi hii ina neno lake, na lazima mlijue. Anayeshuka anasimama ukingoni, mgongo baharini, anauliza, "Umenishika?" Aliye juu anapitisha kamba kwenye pete ya chuma, anaizungusha kiunoni, anaikamata kwa mikono miwili, ndipo anajibu, "Nimekushika." Akishasikia hivyo, anayeshuka anaegemea nyuma, kwenye hewa tupu. Marehemu aliwafundisha wote kwa maneno haya: "Mkono kwanza, neno baadaye." Watoto wake walilisikia hilo kabla ya kusikia majina yao.

Mume wake alikuja mwaka 1998 kama fundi wa kuchomelea, aweke nguzo za chuma ukingoni. Ilikuwa kazi ya siku moja, na mpaka leo hajaimaliza. Marehemu alimwambia hatamlipa mpaka ashuke kwenye nguzo zake mwenyewe, aone kama anaziamini. Alishuka nusu, akagandia mwambani kama mjusi, akaanza kumwita mama yake. Marehemu akapiga kelele kutoka juu, "Mama yako hayupo! Nipo mimi! Nimekushika!" Alipofika chini aliwaambia watu kwamba ameshapata mke. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 5 Desemba 1998. Mama wa bibi harusi alisema mwanamume anayelia kwenye kamba atalia na kwenye ndoa. Akaambiwa anyamaze, akanyamaza, kwa siku ile.

Walijaliwa watoto wawili, binti na mvulana. Walipoanza kutambaa, marehemu aliwavalisha mkanda mdogo, akawafunga kwenye mguu wa meza wasifike ukingoni. Majirani walisema anafunga watoto kama mbuzi. Watoto wale wako hapa, wana miguu yote miwili, na majirani waliosema wanajijua.

Sasa tufike mwaka 2011. Watoto wa marehemu walitaka hapa paandikwe "alipata ajali." Mama yake amekataa. Ajali ni jiwe kuporomoka.

Ilikuwa tarehe 17 Aprili, wageni wamejaa uani. Marehemu alitangulia kushuka ili awapokee chini, na wa kumshika alikuwa mume wake. Mgeni mmoja akampa mchomeleaji kamera, akaomba apigwe picha na bahari nyuma. Mchomeleaji akaipokea kwa mikono miwili. Kamba ikabaki miguuni pake. Marehemu akauliza, "Umenishika?" Naye, jicho likiwa kwenye kamera, akajibu kama mtu anavyoitikia salamu njiani: "Nimekushika." Marehemu akaegemea nyuma kama mtu anavyoegemea kiti chake mwenyewe.

Alidakwa na kibaraza cha jiwe kilichojitokeza katikati ya jabali, asingefika hospitali bila hicho. Nyonga ilivunjika, na mfupa wa paja. Aliwekewa chuma, na mguu wa kushoto ukatoka mfupi kuliko mwenzake.

Tangu siku hiyo mama yake hakusema na mkwe wake. Waliishi nyumba moja, wakala meza moja, na maneno yakapitia kwa watoto, na watoto wakiwa shule yakapitia kwa paka. "Paka, mwambie mwenye nyumba bati linavuja." "Paka, mwambie mama nimeliona, napanda kesho." Marehemu alisema paka yule ndiye mfanyakazi wao mwenye kazi nyingi kuliko wote, angepaswa kupewa likizo.

Mwaka uliofuata, alipoacha magongo, marehemu alivaa mkanda wake akachechemea mpaka ukingoni. Mchomeleaji akakaa chini kabisa.

"Muite nahodha akushike."

"Nahodha sikuolewa naye."

"Mimi lile neno siwezi kulisema tena."

"Nani kakwambia useme? Shika. Neno litajileta."

Akainuka. Akapitisha kamba kwenye pete, akaizungusha kiunoni, akautazama mkono wa kulia, akautazama wa kushoto, kama mtu aliyepewa mikono leo. Akalisema kwa sauti ya chini.

"Sisikii!"

"Nimekushika!"

Marehemu akaegemea, akashuka, akafika. Mama yake alikuwa kwenye ngazi za jikoni na beseni la kofia, akaona yote. Watu walidhani atalainika. Hakulainika. Marehemu alisamehe kwa sababu mfupa ulikuwa wake. Mtoto alikuwa wa mama yake.

Ugonjwa ulianza mwaka jana, mwanzoni kama gesi tumboni, baadaye ikajulikana ni uvimbe kwenye ini. Alivushwa kwa boti kwenda hospitali kubwa mara nyingi, na kila mara mume wake alimbeba mgongoni kushuka ngazi za gati, kwa sababu marehemu alikataa machela, akisema si mzigo wa soko. Madaktari walipomrudisha nyumbani, mchomeleaji alichomelea bomba juu ya kitanda, akaning'iniza kipande cha kamba ya zamani chenye fundo, mgonjwa akawa anajivuta na kukaa mwenyewe. Lilichomelewa vizuri. Hilo mama yake anakubali. Mume wake alimwogesha, akamgeuza, akamlisha, na chai ya mama mkwe akaiweka mlangoni bila neno, kama kawaida yao.

Siku moja marehemu alimwita mama yake.

"Mama, siku ikifika, kamba ya kichwani ashike baba watoto."

"Nani?"

"Unamjua."

"Labda niwe nimetangulia mimi."

"Basi fanya haraka, mama, mwenzio nimeshavaa viatu."

Wakacheka wote wawili mpaka mgonjwa akaomba maji. Akanywa, akafuta midomo, akasema, "Sasa sitanii. Nijibu." Mama yake akachukua kikombe, akaenda jikoni kukiosha. Kikombe kilikuwa kisafi.

Hakuuliza tena. Alifariki Jumanne, tarehe 14 Novemba 2023, asubuhi, wageni wa kwanza wakiwa getini hawajui kitu. Mkono mmoja ulikuwa kwenye ile kamba yenye fundo, mwingine kwenye mkono wa mume wake. Mama yake alikuwa jikoni.

Marehemu ameacha mama, ambaye ndiye aliyepaswa kutangulia na kumwacha yeye. Ameacha binti anayesoma hapa na mwana wa kiume anayeongoza kayaki. Ameacha mjukuu mmoja, aliyefungwa kwenye mguu wa meza hivi sasa tunavyozungumza. Ameacha nahodha, paka, na wageni wengi wasiojua jina lake ila wanakumbuka sauti yake. Ameacha mume.

Mtu atauliza kama mama yake amesamehe. Hajasamehe. Na asije mtu baada ya mazishi kumshika bega na kumshauri. Lakini aliulizwa na mwanawe, akaenda kuosha kikombe kisafi, na mwanawe akaondoka hana jibu. Jibu ni hili. Kazi iliyobaki hapa haitaki msamaha, inataka mkono. Tangu siku ile ya kamera, mama yake amekaa kwenye ngazi na beseni lake akimvizia mkwe wake. Kila asubuhi, kila mgeni. Wageni walicheka, wakadhani mchomeleaji anasali, kumbe anatazama mikono yake kabla ya kusema neno. Mama alikuwa anangoja siku atakayosema bila kutazama, apate la kusema. Hakuipata. Alitafuta kweli, na hakuipata.

Mchomeleaji. Unaambiwa wewe, si paka. Njoo mbele uchukue kamba ya kichwani. Mkono kwanza. Ukishashika, useme, na useme kwa sauti, maana hakupenda kunong'onezewa. Tusipolisikia neno hapa hashuki mtu.

Nanga wetu apumzike kwa amani, ameshikwa.