Supu Aliyoletewa Wodini

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1966, mtoto wa tatu wa baba fundi viatu na mama mshonaji. Alikuwa mtundu wa kupanda vitu. Baba yake alichoka kumshusha kutoka juu ya kabati.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1981, akasomea upishi na kupata cheti mwaka 1985. Mwaka uliofuata aliajiriwa katika jiko la shule ya bweni, akadumu hapo. Wanafunzi walimwita Ongeza, kwa kuwa hakuwahi kumfukuza mtoto aliyerudi na sahani tupu. Wapishi wenzake walimwogopa kidogo: sufuria haikutoka jikoni mpaka aonje yeye.

Tarehe 15 Desemba 1990 alifunga ndoa na fundi baiskeli, mwanamume mpole ambaye hata chai ilimshinda kupika. Dada yetu alipenda kumtania, "Siku nikisafiri, wewe utakufa njaa." Walijaliwa watoto wawili.

Tarehe 3 Machi mwaka huu, sufuria ya mafuta ya moto ilimponyoka, ikamuunguza mikono, kifua na mapaja. Hospitalini bandeji zililowa kila mara. Sisi tukafurahi, tukidhani uchafu unatoka. Daktari akatusahihisha: majimaji yale yalikuwa yanaondoka na zinki, shaba na seleni, madini ambayo mwili huyahitaji kwa kiasi kidogo tu, lakini yakipungua kidonda hakifungi na vijidudu hupata mwanya. Dada akaanza kurudishiwa madini hayo kwa dripu.

Mumewe akajifunza kupika. Kila mchana alifika na supu ya kuku kwenye chupa ya chai. Dada akionja kijiko kimoja, anageuza uso. "Baba Watoto, haya ni maji." Shemeji anarudi nyumbani amenywea, kesho yake anaongeza viungo, na jibu ni lilelile. Mwishowe muuguzi akamwonea huruma. "Si mkono wako, baba. Zinki ikipungua, hata ulimi hupoteza ladha. Wewe endelea kuleta."

Akaendelea. Katikati ya Aprili dada alionja, akakunja uso. "Umeunguza vitunguu!"

Shemeji alilia kwa furaha, akaenda kuwatangazia wauguzi wote. Dada alimaliza bakuli zima. "Nikirudi nyumbani nitakufundisha," akamwambia. Tukaanza kumwandalia chumba, maana tulitamani mno arudi.

Kabla kidonda cha kifua hakijafunga, maambukizi yaliingia kwenye damu. Alifariki alfajiri ya tarehe 21 Aprili, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, kaka wawili na mdogo wake wa kike anayesoma wasifu huu. Mumewe ameomba maneno ya mwisho yawe yake, kama alivyoyasema:

"Pumzika kwa amani, Mama Watoto. Jana nimepika. Nimeonja, nikashindwa kujua kama ni kitamu."