Wasifu wa Mjaka Msabah, Aliyezihurumia Karafuu za Watu

Umesomwa na mdogo wake, Silima Msabah, katika hitma ya arobaini, Kikwajuni, Oktoba 1957

Assalaam alaykum wazee wetu, mama zetu na vijana wenzangu.

Marehemu Mjaka Msabah Silima alizaliwa Makunduchi, Ijumaa, tarehe 3 Machi 1939, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Msabah Silima na Bi Kazija binti Mjaka. Baba alipofariki mwaka 1946, ami yetu Makungu Silima, dereva wa lori la shamba, alituchukua sote tukaja kukaa naye hapa Kikwajuni.

Tangu udogoni Mjaka alipenda gari. Kifuniko cha sufuria kilikuwa usukani wake, na mbuzi ya kukunia nazi ndiyo kiti. Mama, huku nyuma anachambua mchele, humwambia, "Dereva, nshushe Darajani." Naye hujibu, "Funga mlango kwanza, mama." Wakifika humgeukia: "Tumefika. Shuka polepole, usianguke." Siku nyingi wali wetu ulichelewa, kwa kuwa mbuzi ilikuwa bado iko njiani.

Alihitimu Kurani chuoni hapa mtaani, kisha akasoma skuli hadi darasa la nane, mwaka 1954. Hesabu alizipenda. Insha zilimshinda, maana kila insha yake, hata ya Sikukuu, ilimalizikia ndani ya gari.

Mwaka 1955 ami alianza kumfundisha udereva. Mimi nilikuwa nikiomba kukaa nao, nikauliza kila kinachosogea mle ndani ni cha nini. Msimu wa karafuu watu huzianika juu ya majamvi ukingoni mwa barabara, na pengine humo humo barabarani, na ami alikuwa na amri moja asiyochoka kuirudia: "Karafuu za watu ni riziki ya watu. Ukizikanyaga, usirudi kwangu!"

"Naam, ami."

Habari ya mwendo haikusemwa sana. Ami mwenyewe alisifika njia nzima kwa kukimbiza. Leseni Mjaka aliipata Agosti mwaka huu.

Hapa katika wasifu ndipo husomwa ndoa ya mtu. Mjaka hakuoa. Mama alikuwa keshaanza kuulizia msichana, na yeye akimtania: "Leseni nshapata, mama. Sasa ntafutie abiria wa kudumu."

Wala hakuugua. Jumamosi, tarehe 14 Septemba, ami alimtuma Kidichi kuchukua nazi. Alifuatana na rafiki yake Bakar, ambaye ametuhadithia mwenyewe yaliyotokea na ametaka yasomwe. Njiani Bakar alimwambia, "Ebo! Ndio mwendo gani huu? Karafuu zitakauka hatujafika!" Mjaka akacheka, akaongeza moto. Walipotoka kwenye kona wakayakuta majamvi ya Bi Mwanapili, mkaazi wa pale, yamefunika nusu ya njia. Hapakuwa na mtu, ni karafuu tu. Kwa mbio zile breki zisingewahi. Angeweza kupita juu yake, njia mbele ilikuwa wazi. Aliukata usukani upande wa pili, lori likaingia kwenye mnazi.

Bakar alivunjika mkono. Mjaka alifikishwa hospitali ya mjini akiwa hai. Ami alipoingia, Mjaka alimtazama akamwambia, "Ami, sikuzikanyaga." Hakusema tena. Alifariki kabla ya Magharibi.

Siku ya tatu Bi Mwanapili alikuja msibani. Alimshika mama mikono yote miwili, akasema, "Karafuu huzoleka, mwenzangu. Angezikanyaga, ningezizoa."

Maneno hayo yalinikaa. Nikamuuliza ami, "Angekuwa anakwenda polepole, si angesimama?"

"Angesimama."

"Sasa mbona hakwenda polepole?"

"Nilimfundisha karafuu, Silima. Kusimama sikumfundisha."

Ameniamrisha niyasome haya mbele yenu, ili kijana anayeshika usukani ayasikie, na anayekaa pembeni yake akamhimiza kukimbia ayasikie pia, na sisi tunaoanika njiani.

Mwakani ilikuwa zamu yangu kufundishwa. Mama alikataa, akasema hatazika dereva wa pili. Juzi ameridhia, baada ya ami kumuahidi kwamba nitajua kusimamisha gari kabla sijajua kuliondoa, na kwamba siku itakayonibidi kuchagua, nikanyage kinachozoleka.

Marehemu ameacha mama yake Bi Kazija, ami yake Makungu, dada yetu Shemsa, mimi mdogo wake, na Bakar, ambaye mama amesema asiache kuja kula kwetu.

Mola amrehemu, ampe mapumziko ya amani. Umefika, kaka. Shuka polepole.